Upungufu wa chembe sahani utokanao na heparini

Upungufu wa chembe sahani utokanao na heparini ni madhara hatari ya dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda. Idadi ya chembe sahani hushuka, na wakati huohuo damu huganda ovyo ndani ya mishipa.

Jinsi unavyotokea

Kwa kawaida mtu mzima ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Zikipungua, hofu ya kwanza huwa ni kutokwa na damu. Katika ugonjwa huu hofu kubwa ni kuganda, kwa kuwa uboho haujashindwa kazi: chembe zinaisha kwa kutumika. Heparini hushikana na PF4, protini inayotolewa na chembe sahani zenyewe, na umbo la protini hiyo hubadilika hata kinga ya mwili ikaiona ngeni. Kingamwili za IgG huundwa, hung'ang'ania muungano huo, kisha huamsha chembe sahani kupitia vipokezi vyake. Chembe iliyoamshwa humwaga PF4 zaidi, ambayo nayo hukaribisha kingamwili zaidi. Mabonge huziba vena za miguu, mapafu, na wakati mwingine ateri, hadi kusababisha kiharusi au kukatwa mguu.

Utambuzi

Dalili kuu ni kushuka kwa chembe kwa zaidi ya nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 ya matibabu. Mgonjwa aliyeanza na 320,000 akafika 130,000 siku ya 7 anastahili kushukiwa mara moja, hata kama ngozi yake haina doa. Aliyewahi kupewa heparini karibuni anaweza kushuka ndani ya siku moja. Ni nadra kufika chini ya 20,000.

Historia

Mwaka 1958 Weismann na Tobin, madaktari wa Marekani, walieleza wagonjwa walioziba ateri wakiwa kwenye heparini. Mwaka 1973 ushahidi wa kinga ya mwili ulitolewa, na mwaka 1992 PF4 ikatambuliwa.

Matibabu

Heparini yote husimamishwa bila kusubiri majibu ya maabara, pamoja na ile kidogo ya kusafishia mirija ya mishipa. Kusimamisha pekee hakutoshi. Hutolewa dawa nyingine ya kuzuia kuganda, kama argatrobani au fondaparinuksi. Warfarini huahirishwa mpaka chembe zirudi, kwani ikitangulia inaweza kuozesha kiungo. Kuongezewa chembe sahani huepukwa, isipokuwa mgonjwa akivuja damu sana.

Hali zinazofanana

Mwaka 2021 kingamwili dhidi ya PF4 zilikutwa kwa watu wachache waliochanjwa UVIKO-19 kwa chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson, baadhi yao wakiwa na mabonge kwenye vena za ubongo bila kuwahi kupewa heparini.