Kupoteza uwezo wa kunusa: sababu, vipimo na matibabu

Mtu asiyenusa hawezi kujua kwa harufu kwamba maziwa yameharibika, gesi inavuja au chakula kinaungua. Chakula nacho hupoteza utamu, kwa sababu sehemu kubwa ya ladha ni harufu inayopanda puani kutoka mdomoni.

Husababishwa na nini?

Seli za kunusia ziko juu kabisa ndani ya pua. Mafua, mzio au vinyama vya puani huziba njia, harufu isifike. Wakati mwingine njia iko wazi, lakini seli au mishipa ya fahamu imeumia kutokana na virusi kama vya UVIKO-19, ajali ya kichwa, sigara au uzee. Kwa baadhi ya watu ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson.

Hupimwaje?

Daktari atauliza tatizo lilianza lini na kama lilianza ghafla, kisha atamulika ndani ya pua. Anaweza kukufunga macho akunusishe vitu unavyovijua, kama kahawa au karafuu, tundu moja baada ya jingine. Usijipime kwa pilipili au spiriti. Hata asiyenusa huhisi mwasho wake.

Matibabu

• Pua iliyoziba: isafishe kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa.

• Mzio na vinyama: daktari hutoa dawa ya kupuliza puani. Vinyama vikubwa huenda vikahitaji upasuaji.

• Baada ya virusi: fanya zoezi la kunusa, lililochunguzwa na Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009. Nusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila kimoja sekunde 10 hadi 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Si wote hupona, lakini wengi hupata nafuu.

Jilinde nyumbani

Mwombe mwenzako anuse maziwa na kitoweo kabla hujala. Kagua mtungi wa gesi kwa povu la sabuni. Usiongeze chumvi kufidia ladha.

Wahi hospitali ukiona

• damu au kuziba kwa tundu moja tu;

• maji maangavu yakichuruzika puani baada ya kuumia kichwa;

• mtoto anatoa uchafu wenye harufu mbaya tundu moja: huenda ameingiza punje au shanga.