Majonzi Yasiyo na Matanga

Mama wa bibi harusi amekaa kwenye benchi nje ya hekalu, mkoba mapajani. Ndani, bintiye anaunganishwa na mumewe kwa ndoa ambayo, kwa imani yao, hata kifo hakitaivunja. Mama haruhusiwi kuingia. Hekaluni huingia muumini mwenye kibali cha viongozi wake wa kanisa, naye kanisa aliliacha. Wakitoka atapiga nao picha na atatabasamu. Hakuna atakayempa pole. Pole ya nini, na ni harusi?

Visa vya namna hii vinafahamika sana Utah, Marekani, makao ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho tangu 1847. Wengi huwaita waumini wake Wamormoni, ingawa mwaka 2018 uongozi wa kanisa uliomba jina hilo liachwe. Hadi Mei 2019, maharusi wa huko waliofunga kwanza ndoa ya kiserikali, ili ndugu wote wahudhurie, walipaswa kungoja mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni. Sharti hilo limeondolewa, lakini benchi halijabaki tupu.

Anachokihisi mama huyu kina jina kitaalamu. Mwaka 1989 Kenneth Doka, Mmarekani aliyebobea katika masuala ya kufiwa, alihariri kitabu kuhusu majonzi ambayo mwenye kuwa nayo hawezi kuyakiri wazi, kuyalilia mbele za watu wala kufarijiwa kwayo. Alitaja sababu tatu: uhusiano hautambuliwi, kama wa mpenzi wa siri, au kilichopotea hakihesabiwi, kama mimba iliyoharibika, au mfiwa mwenyewe hahesabiwi, kama mtoto anayeambiwa akacheze nje.

Tuyaiteje majonzi haya kwa Kiswahili? Kivumishi cha Kiingereza alichokitumia Doka, “disenfranchised”, kimetoka kwenye siasa: ni neno la kumpokonya raia haki ya kupiga kura. Tukisema “majonzi yaliyopokonywa kura”, msomaji atadhani tunazungumzia uchaguzi. “Majonzi yasiyotambuliwa” inasomeka vizuri, ila inaweza kueleweka kwamba mwenyewe ndiye asiyejua kuwa anayo. “Huzuni” ni pana mno, na “msiba” ni tukio lenyewe, ilhali Doka anazungumzia kinachobaki kifuani.

Napendekeza “majonzi yasiyo na matanga”. Matanga tunayajua: turubai, mikeka, sufuria kubwa la chai, daftari la michango, na mtu usiyemfahamu anayekushika mkono na kusema pole. Neno hili linaeleweka hata Kinshasa, maana Kilingala nacho kinalo. Tena siku hufika matanga yakaanuliwa, na watu wakarudi kazini. Yasiyowekwa yataanuliwaje?

Aliyetoka katika kanisa hili amepoteza mengi kwa mpigo. Tangu utoto alitoa zaka ya asilimia 10. Pengine alitumia miaka miwili ya ujana wake akihubiri ugenini. Kila Jumapili alikuwa na watu wa kumuuliza mama yake anaendeleaje. Sasa ana miaka 40, yuko mgahawani, anaagiza kahawa kwa mara ya kwanza maishani, kinywaji alichofundishwa kuwa ni mwiko. Hajui aombe kikombe cha ukubwa gani. Anakunywa, moyo unamwenda mbio, asijue kama ni kahawa au ni hofu.

Kikubwa zaidi amepoteza kitenzi. Kwa desturi, Jumapili ya kwanza ya mwezi waumini husimama mmoja mmoja kushuhudia, na hawasemi “naamini” tu, husema “najua”. Najua kanisa hili ni la kweli, najua familia yangu itakuwa pamoja milele. Anayeshindwa kulitamka neno hilo huenda akahisi nafuu, hasira na aibu katika alasiri moja.

Wazazi wake nao wanalia, maana kwao kiti kimoja mezani mbinguni kinaweza kubaki wazi. Lakini wao wana kanisa zima la kuwapa pole. Kilichopotea ni kimoja, waliao ni pande mbili, na matanga yamewekwa upande mmoja.

Sisi tusijione wema kwa sababu tu lugha yetu ina neno. Lugha hiihii inasema: msiba wa kujitakia hauna kilio. Ndivyo anavyojibiwa aliyetoka: si umeondoka mwenyewe? Methali hiyo imeifafanua istilahi ya Doka kwa maneno matano tu, ila imesimama upande wa wanaonyima. Kamusi ikija kuyaingiza “majonzi yasiyo na matanga”, methali hiyo iwekwe hapohapo chini yake, iwe mfano wa jinsi matanga yanavyonyimwa.