Nyumba ya Kiambaza katika Nchi ya Uzaramo

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton, akiwa na mwenziwe Speke safarini kuelekea Ziwa Tanganyika, alipita Uzaramo, nchi ambayo leo ndani yake zimo Kisarawe na Kibaha. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 akashuhudia kuwa nyumba za Wazaramo zilikuwa bora kwa umbo na ukubwa kuliko zote alizozikuta njiani hata kufika Unyamwezi. Alizieleza kuta za magome mapana ya miombo, yaliyoegemezwa kwenye nguzo na kubanwa kwa mianzi iliyopasuliwa, na paa zito la nyasi na matete; walakini, alipotaka kuwafahamisha wasomaji wake umbo la nyumba hizo, akalishabihisha na banda la ng'ombe la kwao. Lau angalitazama kwa insafu, angalitaja makazi ya wanavijiji wa kwao, kwani Uingereza ya kale nayo ilisimamisha miti ya mwaloni, ikasuka fito baina yake, ikazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, ikaezeka kwa matete.

Ilimu ya namna hiyo hiyo, ya miti, fito na udongo, ndiyo iliyowatumikia watu wa Maneromango ya Kisarawe na Mlandizi ya Kibaha katika nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Fundi huchimbia nguzo, akalaza mtambaapanya juu yake, akapandisha makombamoyo hadi kwenye mwamba, kisha akafunga fito ndani na nje; ndipo wakandikaji wawili, mmoja ndani na mwenziwe nje, wanapoubamiza udongo kwa pamoja ili ushikane katikati ya fito na kuwa kiambaza. Paa huteremka kuupita ukuta, kwani udongo ukinyeshewa na masika humomonyoka, na chini ya upenu huo baraza hupata kivuli.

Miti huliwa na mchwa, nyumba ikajengwa upya; kwa hiyo hapana kiambaza kitakachofikia umri unaotakiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayoyalinda majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya mawe ya Kaole, huko pwani, yamehifadhiwa, nayo yanastahiki. Ama nyumba ya miti na udongo, ukongwe wake haumo ukutani, umo mikononi mwa fundi. Maadamu bati na matofali ya saruji yanaenea, na wazee wanaojua mti upi hustahimili mchwa wanapungua, ni wajibu wa halmashauri na vyuo vya ufundi vya Kibaha na Kisarawe kuwaita mafundi hao, kuandika majina ya miti na vipimo vyao, na kuwaamuru vijana wajenge nyumba nzima mbele yao, tangu nguzo ya kwanza hata kuezeka.