Kutahiri Watoto Wachanga na Ubatizo wa Wakristu



Siku moja baba mmoja, Mkristu mpya, alitujia akiwa na shaka. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto mwanamume, naye alikuwa amesoma katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 17, ya kuwa Mungu alimwagiza Abrahamu kutahiri kila mtoto mwanamume siku ya nane. Akauliza: «Mwalimu, nimtahiri kwanza, ndipo abatizwe? Nikimwacha, je, nimevunja amri ya Mungu?» Mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu, hanyonyi vema, na mamake alikiogopa kisu. Hatukumjibu upesi. Swali hilo ni la kale kuliko vijiji vyetu, nalo nusura liigawanye Eklezya ilipokuwa bado changa.

Abrahamu alitahiriwa akiwa na miaka 99, Ishmaeli akiwa na 13, lakini Isaka siku ya nane tu. Mtoto wa siku nane haulizwi neno. Wazazi humjibia, kama wanavyomjibia katika jina na lugha. Kwa Wayuda alama ile ilikuwa agano lenyewe, wala si pambo la mwili. Tuone walivyoilipia. Mwaka 167 kabla ya Kristu mfalme Antioko aliwakataza kushika Sheria ya Musa. Kitabu cha kwanza cha Wamakabeo chasimulia ya kuwa akina mama waliotahirisha watoto wao waliuawa, na watoto wakatundikwa shingoni mwa mama zao. Mtu asiyewakumbuka akina mama hao asifanye haraka kuidharau desturi ya Wayuda.

Hata hivyo waalimu wa Wayuda wenyewe waliwekea amri hiyo mpaka. Mtoto mgonjwa hungojewa apone, hata siku ya nane ikipita. Na mama aliyekwisha kufiwa na wana kwa sababu ya jeraha hilo, mwana wake anayefuata hatahiriwi. Uhai wa mtoto ulitangulia.

Bwana wetu Yezu naye alitahiriwa siku ya nane, ndivyo asemavyo Luka, na kwa karne nyingi tarehe 1 Januari iliitwa sikukuu ya Kutahiriwa kwa Bwana, mpaka jina hilo lilipoondolewa katika kalenda ya Roma mwaka 1960. Basi kwa nini sisi hatufungwi na amri ile?

Yapata mwaka 49 watu kutoka Yudea walifika Antiokia, wakawafundisha Wakristu wasio Wayuda ya kuwa bila kutahiriwa hakuna wokovu. Ugomvi ukawa mkubwa. Paulo na Barnaba wakapanda Yerusalemu kwa Mitume na wazee. Petro aliwakumbusha ya kwamba Roho Mtakatifu alikwisha kuwashukia watu wasiotahiriwa nyumbani mwa Korneli, Yakobo akakubali. Barua iliyotumwa iliwaagiza wajiepushe na vyakula vya sanamu, na damu, na nyama iliyonyongwa, na uasherati. Kisu hakikutajwa.

Lakini baada ya hayo Paulo alimtahiri Timoteo, ambaye mama yake alikuwa Myuda na baba yake Mgriki! Naye Tito, Mgriki, hakulazimishwa. Je, Paulo alikuwa kigeugeu? La. Timoteo alitahiriwa ili aingie kati ya Wayuda bila kuwakwaza, tena alikuwa mtu mzima. Habari ya Tito, watu walitaka kuifanya alama ile kuwa mlango wa wokovu, na hapo Paulo hakurudi nyuma hata hatua moja.

Watoto nao? Huko Karthago, Afrika ya kaskazini, kama mwaka 253, Askofu Fidus alidhani ubatizo nao ungoje siku ya nane, kwa mfano wa kutahiri. Mtakatifu Sipriani pamoja na maaskofu 66 wakamjibu kwamba neema ya Mungu haicheleweshwi kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Mwaka 1442, katika Mtaguso wa Florence, maneno makali zaidi yaliandikwa: Wakristu waliagizwa waache kabisa kutahiri, wawe wanaitumainia alama hiyo au hawaitumainii. Lakini hapa Afrika Wakristu wa Ethiopia walikuwa wakitahiri watoto wao tangu kale, na Mapadri Wayezuiti waliwashuku kwamba wanafuata dini ya Kiyuda. Kaisari Galawdewos akajibu kwa maandishi mwaka 1555: tunatahiri kwa desturi ya nchi, kama vile wengine wanavyochanja nyuso, wala si kwa ajili ya Sheria ya Musa. Kwetu sisi jibu hilo lina uzito. Walega wana bwali, Wachokwe wana mukanda. Huko vijana hutahiriwa na kufundishwa adabu za kiume. Agano la Abrahamu ni jambo jingine.

Ubishi haujaisha duniani. Mwaka 2012 korti ya Köln, Ujerumani, iliamua kwamba kumtahiri mtoto kwa sababu ya dini ni kumjeruhi; Wayuda na Waislamu walisikitika sana, na mwaka uleule Bunge likatunga sheria ya kuwaruhusu wazazi, kwa masharti ya uganga. Sisi twaona Bunge lilifanya haki. Lakini twakiri kwamba mahakimu waliuliza jambo la kweli: mwili ni wa nani, wa baba au wa mtoto?

Basi tulimjibu yule baba hivi. Mbatize upesi, maana mtoto ni dhaifu. Habari ya kutahiri, usiseme Mungu anakudai. Kama ni desturi ya ukoo, ngoja mtoto apate nguvu, sikilizana na mkeo, kisha umpeleke kwenye kituo cha afya, palipo na vyombo safi. Akauliza kama babu wa mtoto hatakasirika. Tukasema labda atakasirika, nasi tutakwenda naye kumwona.

Mtoto alibatizwa Dominika iliyofuata. Mamake ndiye aliyembeba.