Kijiji Chenye Kombe: Tarehe ya Crossmaglen Rangers

Crossmaglen ni kijiji cha watu wapatao 1,600, kusini kabisa mwa kaunti ya Armagh, Ayalandi Kaskazini. Katikati yake pana kiwanja kipana cha soko, na kutoka hapo hadi mpaka wa Jamhuri ya Ayalandi ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Hakuna bandari wala chuo kikuu. Pana klabu ya mpira. Klabu hiyo, Crossmaglen Rangers, imetwaa ubingwa wa vilabu wa Ayalandi nzima mara 6, na iliyoipita ni moja tu, Nemo Rangers ya mji wa Cork, yenye 7. Tarehe yake nitaieleza kuanzia ubingwa wa kaunti, maana humo ndimo yote mengine yalimochipuka.

Mpira wenyewe ni soka ya Kigaeli, si kandanda tuliyoizoea. Wachezaji ni 15 kila upande, na uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145. Mpira hushikwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Aliyeushika haendi nao zaidi ya hatua 4 bila kuudundisha chini, au kuuangusha kwenye kidole cha mguu akaurudisha mkononi. Akiudundisha mara 2 mfululizo amefanya madhambi. Milingoti ya lango ina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaapanya ukalala wavuni, hilo ni goli, na goli ni pointi 3. Ukipita juu yake, kati ya milingoti, ni pointi 1. Tangu 2025 mkwaju wa juu uliopigwa kutoka mbali, nje ya mita 40, huhesabiwa 2, lakini habari nyingi za humu ni za kabla ya hapo. Matokeo huandikwa kwa namba mbili: 1-12 maana yake goli 1 na pointi 12, jumla 15. Msomaji aishike hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Chama kinachousimamia mchezo huo, GAA, kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli ya Hayes mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Aliyeita mkutano alikuwa mwalimu Michael Cusack, na rais wa kwanza akawa Maurice Davin, mwanariadha mwenye sifa kubwa wakati huo. Askofu Mkuu Croke wa Cashel akakubali kuwa mlezi, na jina lake ndilo lililopewa uwanja mkuu wa Dublin, Croke Park. Nia yao ilikuwa kuirudishia Ayalandi michezo yake, soka hiyo na haling, mchezo wao wa magongo, katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Klabu ikafungwa kwenye parokia. Unachezea kijiji chako, ulikozaliwa au unakoishi, na si rahisi kuhamia kwa jirani kwa sababu jirani ana timu nzuri. Hakuna anayelipwa mshahara kwa kucheza, hata leo. Fundi wa mabomba, mwalimu na mkulima humaliza kazi zao mchana, kisha jioni hukutana mazoezini.

Kila kaunti ina ubingwa wake. Bingwa wa kaunti huenda kupambana na mabingwa wenzake wa jimbo. Armagh imo katika Ulster, jimbo la kaunti 9, na bingwa wa jimbo huingia nusu fainali ya Ayalandi nzima. Ngazi hizo za juu zilichelewa kujengwa. Ubingwa wa vilabu wa Ayalandi nzima ulianza msimu wa 1970-71. Kabla ya ngazi hizo kombe la kaunti ndilo lililokuwa kilele cha klabu. Kwa wazee wengi lingali hivyo. Ukishinda fainali huko Dublin umeishinda nchi. Ukishinda nyumbani umemshinda mtu utakayekutana naye dukani kesho asubuhi.

Ubingwa wa Armagh ni wa tangu miaka ya 1880, na klabu ya mjini, Armagh Harps, ni miongoni mwa zilizotangulia kuutwaa. Crossmaglen ilianzisha klabu yake mwaka 1887. Rangi zake ni nyeusi na manjano. Kwa miongo mingi ilikuwa klabu yenye nguvu ndani ya kaunti na basi. Nje ya Armagh wachache waliitaja. Miaka ya mwanzo ya 1970 sifa zilikuwa za Clan na Gael ya mji wa Lurgan, kaskazini mwa kaunti, iliyotwaa Ulster mara 3 mfululizo na kufika fainali ya Ayalandi ya 1974, ikafungwa na chuo kikuu cha UCD katika mechi ya marudio.

Wakati Lurgan ikishangilia, Crossmaglen ilikuwa inapokonywa ardhi yake. Ayalandi iligawanywa mwaka 1921, na mpaka ukapita jirani na kijiji. Vurugu zilipolipuka mwishoni mwa miaka ya 1960, kusini mwa Armagh kukawa mahali pa hatari kuliko karibu kote. IRA, kundi lenye silaha lililotaka utawala wa Waingereza uondoke, ilitega mabomu barabarani na kuua askari wengi, hata jeshi la Uingereza likaacha magari na kusafiri kwa helikopta. Helikopta zinahitaji mahali pa kutua. Kambi ilijengwa ubavuni mwa uwanja wa klabu, uitwao Mtakatifu Oliver Plunkett kwa heshima ya askofu mkuu wa Armagh aliyenyongwa London mwaka 1681, na kuanzia miaka ya 1970 sehemu ya ardhi ya klabu ikachukuliwa na jeshi. Watoto walijifunza kudaka mpira chini ya kuta za kambi na minara ya ulinzi. Helikopta zilishuka juu ya uwanja hata watu wakiwa wanacheza, mechi ikasimama, vumbi likatulia, wakaendelea.

Klabu haikuhama. Ingeweza kutafuta shamba pengine, nje ya kijiji, ikacheza kwa amani. Ilibaki hapo, ikapeleka malalamiko yake kwa wakubwa mwaka baada ya mwaka, na ikaendelea kupanga ratiba. Mimi nauona huo kuwa ushindi wake wa kwanza, kabla ya kombe lolote.

Nayo GAA ilikuwa na ukuta wake. Kanuni ya 21 iliwakataza askari na polisi wa Uingereza kuwa wanachama. Mwaka 1971 chama kilifuta marufuku nyingine, ile iliyowazuia wanachama kucheza au hata kutazama michezo ya kigeni kama kandanda na raga, lakini Kanuni ya 21 ilibaki. Katika kaunti za mpakani waliielewa kwa machungu yao. Februari 1988, huko Aughnacloy, kaunti ya Tyrone, kijana Aidan McAnespie aliuawa kwa risasi ya askari wa kizuizi cha barabarani akiwa njiani kwenda uwanja wa klabu yake. Askari huyo alikuja kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia mwaka 2022, miaka 34 baadaye. Kanuni ya 21 ilifutwa Novemba 2001.

Sasa nirudi kwenye mpira. Mwaka 1995 Mullaghbawn, majirani wa Crossmaglen, walitwaa kombe la Armagh na kisha Ulster. Jirani akila pilau, nawe unasikia harufu. Sidhani ni bahati tu kwamba mwaka uliofuata Crossmaglen ilianza mbio ambazo Armagh haikuwahi kuziona. Ilitwaa ubingwa wa kaunti mwaka 1996, na 1997, na 1998, na kila mwaka hadi 2008: mara 13 mfululizo. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza msimu ule alimaliza shule bila kuona jina la klabu nyingine likiandikwa kwenye kombe.

Kocha wa mwanzo wa mbio hizo alikuwa Joe Kernan, mwana wa kijiji. Mwaka 1977 aliichezea Armagh katika fainali ya Ayalandi dhidi ya Dublin, akafunga magoli 2, na bado wakapigwa. Alirudi nyumbani na kibao cha mshindi wa pili, kile cha kufutia machozi. Chini yake Crossmaglen ilishinda Ayalandi nzima tarehe 17 Machi 1997, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, kwa kuifunga Knockmore ya Mayo. Mwaka 1999 iliifunga Ballina Stephenites, nayo ya Mayo, na mwaka 2000 Na Fianna ya Dublin. Makombe 3 ndani ya miaka 4, kwa kijiji ambacho magazeti ya Uingereza yalikuwa yamekiandika miaka 25 kama pango la majambazi.

Siri yake watu wameitafuta sana. Pesa haikuwapo. Wachezaji wa kununua hawakuruhusiwa. Ninavyoona mimi, nguvu ilikuwa palepale penye kizuizi: huwezi kuleta mtu wa nje, basi utamlea uliye naye. Ndugu walicheza pamoja na ndugu. McConville walikuwa zaidi ya mmoja, na McEntee walikuwa mapacha, John na Tony. Baadaye wakaja wana wa Kernan mwenyewe. Aliyetemwa kikosini hakuwa na klabu ya kukimbilia, kwa hiyo alirudi mazoezini Jumanne kumnyang'anya namba mwenzake. Mazoezi yakawa magumu kuliko mechi nyingi za kaunti.

Kernan alipokabidhiwa timu ya kaunti, alikwenda na mafunzo hayo. Armagh ilikuwa haijawahi kutwaa kombe la Sam Maguire, ubingwa wa kaunti za Ayalandi. Mwaka 1953 ilifika fainali dhidi ya Kerry, Bill McCorry akakosa penalti, na kaunti nzima ikaibeba penalti ile kwa nusu karne. Tarehe 22 Septemba 2002 ilikutana na Kerry tena Croke Park. Karibu na mapumziko Armagh ikapata penalti. Akaiendea Oisín McConville wa Crossmaglen, akakosa. Wakaingia chumbani wakiwa nyuma, 0-11 kwa 0-7.

Humo Kernan alikitoa kile kibao cha 1977, akawaonyesha, akawauliza kama ndicho wanachotaka kubaki nacho maishani, kisha akakibamiza ukutani bafuni kikavunjika. Kipindi cha pili McConville alipasiana na mwenzake, akaingia ndani na kufunga goli. Kerry waliongeza pointi 3 tu. Mwisho ukawa 1-12 kwa 0-14. Piga hesabu: 15 kwa 14. Nahodha aliyeinua kombe alikuwa Kieran McGeeney, mtoto wa Mullaghbawn, walewale majirani wa 1995.

McConville, ambaye nchi nzima ilimjua kwa goli lile, alikuwa na vita nyingine. Alikuwa mtumwa wa kamari. Baadaye alitafuta matibabu, akayasema yote hadharani katika kitabu mwaka 2007, na akasomea ushauri nasaha ili awasaidie wengine wenye ugonjwa huo. Nayaweka hayo katika tarehe hii kwa sababu katika michezo ya Ayalandi kamari ilikuwa siri ya wengi, na alitokea mtu wa Crossmaglen akaitaja kwa jina.

Klabu iliendelea. Fainali ya Ayalandi ya 2007 dhidi ya Dr Crokes ya Killarney iliisha sare; tarehe 1 Aprili wakarudiana Portlaoise, Crossmaglen wakashinda. Mwaka huohuo, Julai 31, operesheni ya jeshi la Uingereza iliyodumu miaka 38 ilifungwa rasmi. Ardhi ya klabu ilikuwa imekwisha kurudishwa, na minara ya vilimani imeng'olewa.

Mwaka 2009 kombe la kaunti lilikwenda kwa Pearse Óg ya mjini Armagh, na mbio za 13 zikakatika. Crossmaglen ikaanza nyingine: 2010 hadi 2015, mara 6. Ndani ya hizo ilitwaa Ayalandi tena mwaka 2011 dhidi ya St Brigid's ya Roscommon, na 2012 dhidi ya Garrycastle ya Westmeath katika marudio, Tony McEntee na Gareth O'Neill wakiwa makocha. Ukijumlisha, katika miaka 20 kombe la Armagh lilitoka kijijini mara moja tu.

Wapo waliosema utawala huo uliidhuru kaunti, kwamba klabu nyingine zilikata tamaa. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Maghery. Hicho ni kijiji kidogo kaskazini, kando ya ziwa Neagh, ambacho hakikuwahi kuwa bingwa wa Armagh tangu dunia iumbwe. Mwaka 2016 kikawa. Mwaka 2020 kikarudia. Klabu zilizokuwa zikipigwa na Crossmaglen kila mwaka zilikuwa zinajifunza kwa gharama kubwa kiwango cha mpira kinachotakiwa, na baada ya 2015 kombe likaanza kutembea.

Tarehe 28 Julai 2024 Armagh ilitwaa Sam Maguire kwa mara ya pili, kwa kuifunga Galway 1-11 kwa 0-13. Pointi moja tena, kwa goli moja tena. Kocha alikuwa McGeeney, nahodha wa 2002. Nahodha alikuwa Aidan Forker wa Maghery, na kwenye ushambuliaji alikuwapo Rian O'Neill wa Crossmaglen. Kwa ratiba ya siku hizi msimu wa kaunti huisha Julai, na wa vilabu hufuata nyuma yake. Kwa hiyo hawakukaa na kombe lile pamoja muda mrefu. Agosti ilipoingia Forker alivaa jezi ya Maghery, O'Neill akavaa nyeusi na manjano, na droo ya ubingwa wa Armagh ilikuwa inawasubiri.