Gobore na Mshale katika Nchi ya Ngorongoro na Karatu

Gobore ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomo wa kasiba, na mojawapo ya aina zake za zamani ni ile ya gumegume. Mtambo wake ufyatukapo, jiwe la gumegume hupiga bamba la chuma. Cheche huangukia baruti kidogo iliyo kando ya kasiba, na moto hupenya tundu dogo mpaka kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani. Kwa kuwa kazi hii si ya kiwanda, wahunzi wa sehemu nyingi za Tanganyika, wenye fuawe, nyundo na mivukuto majumbani mwao, waliweza kuyatengeneza magobore yaliyovunjika, na wengine kuunda mapya.

Katika karne ya 19 bunduki hizi zilisafiri na misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa msaada wake. Lakini njia hiyo ilipita mbali sana kusini ya Ngorongoro. Oscar Baumann alipofika kwenye bonde la Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa iliyoletwa na sotoka ya ng'ombe. Silaha yao ilikuwa mkuki.

Mkuki nao una mwenye kuufua. Wamasai wana wahunzi wao, Ilkunono, na karibu na Ziwa Eyasi, kusini-magharibi ya Karatu, Wadatoga wana ukoo wa wahunzi. Hawa hufua misumari na vyuma vikuukuu kuwa vigumba vya mishale, na Wahadzabe huvichukua kwa kubadilishana na asali au nyama. Hata hivyo wahunzi wa makabila haya mawili hutengwa: jirani huhitaji kazi ya mikono yao, wala hapendi kuoana nao.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliafikiana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika Afrika, toka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Gumegume iliachwa, ila baruti yake iwekwe katika ghala chini ya ulinzi wa serikali. Basi Mwafrika aliachiwa silaha dhaifu, na chakula cha silaha hiyo kikashikwa na mwingine. Mhunzi aliweza kufua kasiba, lakini hakuweza kufungua ghala. Mshale haukuwa na ghala. Wenye kuutumia waliokota chuma chakavu, wakachuma sumu yake porini.

Siku hizi Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kuunda bunduki bila kibali, na Ngorongoro imekuwa hifadhi tangu 1959. Mivukuto ya Eyasi ingali ikivuma. Katika habari za vita hutajwa aliyebeba silaha. Kadhalika yafaa akumbukwe aliyeifua, ambaye watu walimhitaji siku zote na wakakataa kumwoza binti.