Ploti ya Baba, Unga wa Mama

Katika vyumba vya kupanga vya Makongeni, Thika, swali la talaka huanza na mali: "Nikiachana naye, ile ploti ni ya nani?" Swali hilo lina umri mkubwa kuliko viwanda vinavyotulisha.

Nimeishi karibu na viwanda hivi kiasi cha kuijua hesabu yake. Mume ana shifti, mke ana kibarua au anauza mboga getini. Mshahara wa mume unaenda kwa ploti ya Juja au Ruiru. Pesa ya mke inaisha kwa unga, kodi na karo. Miaka inapita, ploti inajengwa, na hati ina jina moja.

Kwa Agikuyu wa zamani, ndoa ilivunjwa mbele ya wazee, na mzozo mkubwa ulikuwa kurudisha ruracio. Ardhi ilikuwa ya mbari, haikuwa ya mke na mume. Mkoloni alileta ndoa ya cheti mwaka 1902, kisha hati miliki, na mtu mmoja akawa mwenye shamba. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa inatumika Kenya pia. Sheria ile ilimruhusu mke kuwa na mali yake, lakini haikusema lolote kuhusu kupika wala kulea.

Majaji wakajaza pengo hilo kila mmoja kivyake. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi ya nyumbani ni mchango. Mwaka 2007 majaji 5 wa mahakama hiyohiyo wakageuka: bila pesa iliyoingia kwenye mali, mke hana fungu. Unga ulioliwa haukuacha risiti.

Bunge likaingilia mwaka 2013. Sheria ya Mali ya Ndoa inahesabu mchango usio wa pesa: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima, hata kuwa mwenzi. Mwaka uliofuata Sheria ya Ndoa ikaziweka ndoa za Kikristo, kiserikali, kimila, Kihindu na Kiislamu chini ya paa moja, ingawa talaka ya Waislamu ilibaki kwa sheria yao.

Basi mambo huenda hivi. Kwanza uthibitishe ndoa. Mwenye cheti anakitoa. Aliyeoana kimila anahitaji mashahidi wa ruracio na ngurario, maana tangu 2017 ndoa hizo nazo zinatakiwa kusajiliwa. Unapeleka ombi kwa hakimu, Thika au Ruiru, ukitaja sababu: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuharibika kiasi cha kutotengenezeka. Mwenzako anapelekewa karatasi, anajibu, kesi inasikizwa. Lakini amri ya talaka haigawi ploti. Mali ina faili yake, na watoto wana yao. Wengi hupata talaka, wanafurahi, wanaenda nyumbani wakidhani kesi imeisha.

Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza: usawa wa Katiba haumaanishi pasu kwa pasu moja kwa moja. Mke katika kesi ile alipata nusu, lakini kwa kuwa alionyesha alichochangia. Ya pili: watu waliokaa tu pamoja wasidhaniwe kirahisi kuwa mume na mke, ingawa anaweza kupewa fungu aliyechangia kununua na kujenga.

Kwa hiyo sheria sasa inautambua unga, ila bado inauliza ushahidi. Mama anayelipa karo kwa M-Pesa, mkopo wa chama alionunulia mabati, jirani aliyemwona akibeba maji ya fundi: hayo ndiyo yatasimama mahakamani. Nawaambia wanaoniuliza waweke karatasi zao vizuri, hata kama ndoa ni tamu. Aliye na hati hana haja ya kukumbuka chochote. Asiye nayo lazima akumbuke kila kitu.